Mvumo wa shamisen si ubovu

Umeuliza kama ile shamisen, ala ya Kijapani yenye nyuzi tatu, uliyoisikia ikivuma kama uzi umelegea, ni mbovu. Hapana ndugu, haina hitilafu yoyote. Mlio ule unatafutwa makusudi, na Wajapani wanauita sawari. Juu ya shingo ya ala kuna kipande kidogo cha metali kinachoinua nyuzi. Nyuzi mbili zinapita juu yake, lakini ule mnene kuliko zote unaachwa nje, ukilala karibu kabisa na mbao. Ukipigwa, unagusagusa mbao na kuvuma. Utamu wenyewe uko hapa: hata ukipiga uzi mwingine, sauti zikioana vizuri, ule mnene unaitikia wenyewe bila kuguswa. Ndiyo maana utamwona mpigaji akikaza vigingi hata katikati ya wimbo. Nyuzi zikitoka kwenye sauti yake kidogo tu, mwitikio unakufa.

Na ule mpigo mkavu kama wa ngoma ni bachi, kibao kipana cha kupigia, kinachopita kwenye uzi na kutua juu ya ngozi iliyowambwa. Kwa desturi ngozi hiyo ni ya paka au mbwa. Siku hizi zipo pia za kutengenezwa kiwandani.

Ukitaka kuisikia kwa nguvu zake zote, anza na mtindo wa Tsugaru, kaskazini mwa Japani huko Aomori. Tafuta rekodi za Takahashi Chikuzan (1910–1998), ambaye macho yake yaliharibika utotoni, akawa anapiga mlango kwa mlango kutafuta riziki. Vijana wa sasa wana kasi kumshinda, lakini kwangu mimi bado hawajamfikia.