Laptopu yangu, sitari ya mzee na aibu ya Leicester

Juzi kijana mmoja wa Tanga kanitumia meseji, anasema yeye ni mtu wa biti, sasa anataka kuchanganya biti zake na udi na ganuni, ala za nyuzi za taarab, "bro nianzie wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, manake swali hilo mimi nililijibu kwa kuaibika mbele ya watu kama 80 hivi pale Leicester, na Jumamosi iliyopita ndo nimelipa lile deni. Ngoja nikupe mkasa mzima, ushauri utauokota humohumo njiani.

Mimi mtoto wa Mombasa. Nimelelewa na taarab ya harusi, ile ya kina Juma Bhalo, mahadhi ya filamu za Kihindi, tabla na hamoniamu, maneno ya kwetu. Kwa hiyo nilipofika Uingereza nikasikia kuna mzee wa sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, anatafuta mtu wa kibodi na laptopu, wapige pamoja na saksofoni, besi na tabla, nikasema hii kazi imeandikwa jina langu. Muziki wa Kihindi utanifundisha nini mimi, si nimeusikia tangu tumboni! Kiburi bwana.

Na historia nilikuwa nayo yote kichwani. Nilijua kwamba London hiyohiyo, miaka ya 1960, Joe Harriott, Mjamaika wa saksofoni, na John Mayer mzaliwa wa Kolkata waliunda bendi ya watu 10, watano wa jazi na watano wa muziki wa Kihindi. Nilijua John Coltrane, Mmarekani wa saksofoni ya jazi, alivyomhusudu Ravi Shankar, bingwa wa sitari, mpaka mwanawe akamwita Ravi. Nilijua Anoushka, bintiye Shankar, alivyokaa na Karsh Kale, mtu wa tabla na biti za kompyuta, wakatia sitari ndani ya mambo ya kompyuta. Ukinikuta kibarazani ningekusomesha mpaka alfajiri. Kazi yenyewe ndo sikuijua.

Mazoezi nayaruka. Yalikuwa mawili, yote nilichelewa.

Siku ya shoo mzee akachagua raga Yaman, raga ya jioni (raga ni noti zilizochaguliwa na njia ya kuzipita), kwenye tala ya rupak, tala ni duara la mapigo linalojirudia. Sasa rupak ni mapigo 7, unahesabu 3, halafu 2, halafu 2. Na lile pigo la kwanza, ambalo mimi na wewe tungelishindilia kwa besi la nguvu, wao wakihesabu kwa mikono hawalipigi kofi, wanalipungia tu hewani, linaitwa khali, yaani tupu. Pale palipo patupu mimi nimepanga dramu ya kompyuta, DUM, kila duara, DUM, na nikajiona nimewasaidia.

Bado. Muziki ule unaanza taratibu unaishia mbio, ndo desturi yake. Mzee akaanza kupanda, tabla naye akapanda, saksofoni kajitahidi nyuma yao, laptopu yangu imekaa kwenye spidi ileile kama punda wa Lamu aliyegoma katikati ya uchochoro. Nikaanza kubonyeza huku na huku, jasho mpaka kwenye nyusi. Nikaona nifunike aibu kwa kodi za jazi, noti nyingi kwa mpigo mmoja, zile nene za vidole vinane, hapo ndo nikamwaga mchuzi wote.

Nikueleze kidogo sitari ilivyo, manake bila hili hutaelewa nilikosa nini. Nyuzi za kupigwa ni sita au saba, mzee anazikwaruza kwa mizrab, kijichuma cha waya anachokivaa kwenye kidole cha shahada. Chini yake kuna nyuzi nyingine, 11 mpaka 13, hizo hazipigwi, zimetegwa kwenye noti za raga ya siku hiyo. Ukipiga noti sahihi juu, za chini zinaitika zenyewe. Nyuzi hizo zinaitwa tarab. Mzee aliponitajia jina nilijiona nimefika nyumbani, nikasahau kumuuliza zinafanya nini.

Basi kodi zangu zina noti ambazo Yaman haina. Pia kibodi ya kawaida ile noti ya tatu, Ga, iko juu kuliko Ga ya mzee kidogo tu, lakini sikio lake linaisikia kama wewe unavyosikia mchanga kwenye wali. Nikiongeza sauti, spika ya jukwaani inaingia kwenye maiki ya sitari, nyuzi za tarab zinatetemeka ovyo, ukumbi unalia vuuuuu.

Mzee akageuka. Hakukasirika, ningefurahi angekasirika. Akaniambia taratibu, "Beta, chup." Mwanangu, nyamaza. Dakika 25 zilizobaki nilikaa mikono mapajani, watu wananiangalia kama aliyekosea harusi.

Nje nikakutana na bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, Leicester wako wengi waliotoka kwetu na Uganda. Akanitazama juu chini kisha kwa Kiswahili chake safi cha dukani, "Wewe kijana, kelele mingi sana."

Wakaenda Birmingham bila mimi. Picha niliziona simuni, kwenye kiti changu kakaa mtu mwingine, na shati langu nililowaazima limo kwenye jukwaa. Bado inaniuma, sitawadanganya, na shati sijarudishiwa.

Sasa ushauri, kijana wa Tanga, sikiliza. Punguza. Ndo la kwanza. Nilikaa karibu mwaka mzima nikihesabu rupak kwenye basi, hewani, kofi, kofi, mpaka abiria wanahama kiti. Kibodi nikaishusha Ga yake, nikaitega kwenye Sa ya mzee, noti ya kwanza ambayo zote zinaiegemea, kwake ni C-shapu, huyo hahami kukufuata wewe, na wa saksofoni naye ilibidi ajifunze kuishi huko. Dramu za kompyuta nikazifuta zote. Lupu, biti inayojirudia yenyewe, ya spidi moja usiipeleke kwa watu wanaopumua, ukilazimika basi iendeshe kwa mguu, kanyaga pedali ufuate tabla, tabla hatakufuata. Na la pili, punguza. Siku hizi nachukua sauti ya sitari yenyewe, naivuta ndefu, nairudisha chini kwa chini kama ukungu, basi. Jazi nayo inakaa vizuri ikitulia kwenye skeli moja, kodi zisikimbiekimbie, kwa sababu ile Sa inalia chini mwanzo mpaka mwisho na kila utakachopiga kitapimwa nayo.

Nyie vijana wa biti mna ugonjwa, na nausema kwa sababu ninao. Mkiona sehemu tupu mnadhani imesahauliwa. Unamkuta mzee kakaa na ala miaka 50, wewe umeshusha programu ya wizi wiki iliyopita unataka kumjazia nafasi! Udi una nafasi zake, ganuni ina zake, ukizijaza zote umebaki na nini cha kuchanganya? Kaa chini ya mtu. Mletee chai. Muulize huu uzi wa chini kazi yake nini, mimi sikuuliza.

Mzee mwenyewe ndo alinipigia mwezi uliopita, yule aliyekalia kiti changu kapata kazi Ujerumani. Jumamosi tukapiga Yaman ileile, rupak ileile, ukumbi uleule. Katika dakika 40 nadhani niligusa kibodi kama mara 10, na kuna mahali mzee alivuta uzi mmoja taratibu, nikauokota nikauacha unaelea, nyuzi za tarab zikaitika ule wa kwangu, wa kompyuta, nikasikia nywele zinasimama. Mzee hakugeuka.

Mlangoni nikamkuta bibi wa Kisumu anafunga koti. Akanishika mkono kwa huruma kabisa.

"Pole mwanangu. Leo kompyuta iliharibika?"