Mume yuko Dar, mke yuko Tanga: mnalindaje agano?

Mimi na mume wangu tunawafundisha wachumba usharikani kwetu hapa Tanga, na swali ninaloulizwa sana na mabinti halihusu mahari wala ukumbi. Wananiuliza, "Mama, mwenzangu kazi yake iko Dar. Tutaweza?" Huwa najibu kwa moyo wote, maana sehemu kubwa ya ndoa yangu nimeiishi hivyo: yeye bandarini Dar, mimi Makorora na watoto.

Kanisani tumezoea kusoma Waebrania 13:4, ndoa iheshimiwe na watu wote na malazi yawe safi, kisha tunafunga Biblia. Ni neno la kweli. Lakini wanaoishi mbalimbali waende pia 1 Wakorintho 7:5: "Msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda." Paulo anataka kuwe na mapatano, na kuwe na muda. Ndoa nyingi ninazoziona zikiyumba hazikuwa na lolote kati ya hayo. Mume alipata kazi, akabeba begi, akapanda basi stendi ya Kange, akasema nikijipanga nitakuja kuwachukua. Miaka ikapita, na hakuna aliyewahi kutaja tarehe.

Torati yenyewe ilikuwa kali zaidi. Kumbukumbu la Torati 24:5 inaagiza mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asipewe kazi yoyote. Akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Hata vita vinamsubiri bwana harusi! Ndiyo maana nawasihi wachumba: mwaka wa kwanza kaeni pamoja, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Michango inayoliwa ukumbini usiku mmoja ingelipa kodi ya miezi mingi, na kamati za harusi hazipendi kuambiwa hivyo, lakini nitaendelea kusema.

Kama hakuna namna, basi pataneni kwa maandishi. Sisi tuliandika kwenye daftari la matumizi: anarudi kila mwisho wa mwezi, na nauli inatolewa mshahara ukiingia tu, kabla ya ada, kabla ya kikoba. Ndugu walituona wafujaji. Akikosa ruhusa kazini, mimi ndiye napanda basi, watoto wanabaki kwa mama mkwe.

Usiku tunapigiana simu, na hatuongei ada na umeme tu. Aliyeniudhi mchana, mume wangu ndiye wa kwanza kumjua. Hili ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mchepuko hauanzii kitandani. Unaanza kwa yule anayesikiliza shida zako za ndoa kabla mwenzako hajazisikia. Yesu aliupeleka uzinzi mpaka moyoni, Mathayo 5:28, na moyo siku hizi unakaa sana kwenye simu. Ukijikuta unafuta meseji za mtu fulani kabla ya kulala, fanya kama Yusufu kwa mke wa Potifa: aliacha vazi akakimbia. Hakukaa amweleweshe. Nawe usimwandikie huyo mtu maelezo marefu ya kuagana, acha kumjibu.

Neno moja kwa akina baba. 1 Wakorintho 7 isigeuzwe fimbo ya kudai haki mkifika nyumbani. Mstari wa 4 unampa mke amri juu ya mwili wa mumewe, sawasawa na mume juu ya mwili wa mkewe. Kwa hiyo mke akisema, "Baba watoto, umekaa mbali muda mrefu, twende kwanza tukapime," hajakutukana, na wala asiambiwe hana imani. Nendeni wote wawili kituo cha afya, mkae benchi moja, mpime VVU, msubiri majibu pamoja. Na aliyetoka safari akilisema hilo mwenyewe, kabla hajaombwa, atakuwa amemwondolea mkewe mzigo ambao wanawake wengi hapa mjini wanaubeba kimya.