Pikapu ya gitaa imepoteza nguvu

Swali: Pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya gitaa langu ilikaa juu ya sumaku ya spika, sasa sauti imefifia. Naweza kuiponya nyumbani?

Jibu: Unaweza, ikiwa vijiti vyake vya sumaku ni vya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti). Pima koili (waya uliozungushiwa vijiti) kwa mita ya umeme kwanza. Mimi nilipoteza jioni nzima nikilaumu sumaku, kumbe waya umekatika! Andika alama ya ncha ya sumaku ya vijiti (kaskazini au kusini) kwa kutumia dira. Bana sumaku mbili za neodimiamu (sumaku zenye nguvu sana) kwenye jiliwa, ncha tofauti zikielekeana, upitishe pikapu katikati, miisho ya vijiti ikizitazama. Pikapu ikisukumwa, igeuze. Ukikosea ncha, pikapu mbili zikilia pamoja sauti itakuwa nyembamba kama ya mbu. Na vidole vyako! Sumaku hizo zikirukiana hubana hadi damu.