Maswali Yenu: Kazi nimeacha, mbona Medicare imepanda?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa Waswahili walioko Marekani wanaostaafu au wanaokaribia, na kilio ni kimoja, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Nimechagua tatu. Hela ninazotaja ni za mwaka 2025, kila Januari zinabadilika, kwa hiyo msije mkanishikia bango baadaye.

Kaka, mimi na mke wangu tuko Texas, wote tuna Medicare. Mimi nilikuwa dereva wa lori, mwenzangu nesi, tukaacha kazi wote Juni 2024, migongo imechoka. Sasa tumeletewa barua kwamba Part B, ile sehemu ya Medicare ya madaktari, tulipe dola 259 kila mtu badala ya 185, na kwenye bima ya dawa pia wameweka cha juu. Mapato yetu siku hizi ni kama 70,000 kwa mwaka. Nani kawaambia sisi matajiri? Nafikiria nijitoe Part B kabisa, mi mzima, sijawahi kulazwa. La pili, tunataka kutoa laki mbili kwenye 401(k), akiba yetu ya uzeeni ya kazini, tumalizie nyumba yetu huko nyumbani. Kuna ubaya?

Kaka, waliosema ni nyinyi wenyewe, kwenye fomu yenu ya kodi ya 2023. Ndo ilivyo, Social Security, ofisi ya serikali ya mafao ya wastaafu inayopanga ada hizi, wanaangalia mapato ya miaka miwili nyuma, hawaangalii ya leo, na mwaka ule mlikuwa bado mnapiga overtime wote wawili. Kwa 2025 mstari wa mapato kwa mke na mume wanaojaza kodi pamoja ulikuwa dola 212,000, kwa aliye peke yake 106,000. Ukiuvuka hata kwa dola moja unaingia daraja la juu lote, hakuna cha kupimiwa kidogo kidogo. Hiyo nyongeza inaitwa IRMAA, watu wanaitamka kama jina la shangazi fulani mkali. Kwa daraja lenu ni dola 74 kwenye Part B na 13.70 kwenye dawa, kila mtu, kila mwezi, yaani nyinyi wawili mnaachia dola 2,104.80 kwa mwaka bila sababu.

Nasema bila sababu manake dawa yake ipo na ni bure. Kuna fomu inaitwa SSA-44, ya kuwaambia Social Security kwamba maisha yamebadilika na mapato yale hayapo tena. Kuacha kazi ni moja ya sababu wanazozikubali, pamoja na kupunguza saa za kazi, kufiwa na mwenzio, ndoa, talaka, kupoteza pensheni, na nyingine chache. Jaza yako, mkeo ajaze yake (msijaze moja mkadhani inatosha kwa wote), ambatanisha barua ya mwajiri inayoonyesha siku ya mwisho ya kazi, andika kadirio la kweli la mapato, peleka ofisini kwao. Wakikubali wanashusha na walichokata zaidi mwanzoni mwa mwaka wanarudisha. Hilo kadirio usilipunje lakini, kodi ikija wanalinganisha na wanaweza kukudai.

Kujitoa Part B, hapana kaka. Hasira hasara. Part B ndo inayolipa daktari wa kawaida, vipimo, matibabu ya kwenda na kurudi, na ukitoka bila kuwa na bima ya kazini halafu ukataka kurudi unaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa nje, na faini hiyo haiishi, unakwenda nayo kaburini. Ukikaa nje miaka mitatu ni asilimia 30 juu, kwa ada ya 2025 dola 55.50 kila mwezi mpaka mwisho, tena mlango wa kurudi unafunguliwa Januari hadi Machi tu. Hujawahi kulazwa, sawa, ila hata lori lako lilikuwa zima mpaka siku lilipokufa barabarani.

Sasa hilo la nyumba ndo lililonifanya nichague barua yako. Ubaya wa kujenga haupo, ubaya upo kwenye kutoa laki mbili kwa mkupuo. Pesa ya 401(k) ya kawaida ikitoka inahesabiwa mapato, kwa hiyo 70,000 yenu ukiongeza laki mbili mnafika 270,000, mnaruka daraja la kwanza na kuingia la pili, ambalo kwa 2025 lilianzia juu ya 266,000. Barua haitakuja sasa, itakuja baada ya miaka miwili mkiwa mmeshasahau na nyumba imeshapakwa rangi. Kwa viwango vya 2025 daraja hilo ni dola 370 za Part B kila mtu na 35.30 za nyongeza ya dawa, ukipiga hesabu mnapoteza dola 5,287.20 mwaka huo, na hapo sijagusa kodi yenyewe ambayo nayo itapanda. Tena safari hiyo SSA-44 haitawasaidia, kutoa hela zako mwenyewe kwa hiari siyo tukio wanalolikubali, hata ukawaonyesha picha za msingi na mabati.

Mkigawanya lakini, laki moja Desemba na laki nyingine Januari, hiyo ni miaka miwili tofauti ya kodi, kila mwaka mnasimama kwenye 170,000, chini ya mstari, nyongeza sifuri. Fundi atasubiri wiki tatu, hatakufa. Kama mnayo Roth, ile akiba ya uzeeni ambayo kodi yake ililipwa kabla ya kuweka, mliyoifungua zaidi ya miaka mitano iliyopita, chukueni humo kwanza, hiyo haihesabiwi kabisa. Angalia na riba za hati za dhamana za miji na majimbo, watu wanazinunua kwa sababu hazina kodi ya serikali kuu halafu wanashangaa kumbe kwenye hesabu ya Medicare zinajumlishwa.

Na jambo ambalo wanandoa hatupendi kulitaja: mmoja akitangulia, anayebaki anahamia kwenye ule mstari wa 106,000 na akiba yote ni ileile. Ndo maana wenye akiba kubwa wanaitoa au kuihamishia Roth pole pole wakiwa bado wawili, na wajanja zaidi wanaanza kabla ya miaka 63, manake mapato ya 63 ndo yanayoamua bili ya 65.

Shikamoo mzee. Baba yangu anatimiza 65 mwezi wa tisa, tuko Ohio. Kwenye TV wanatangaza Medicare Advantage, ile Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, ya dola sifuri na yeye ameshaipenda. Kila mwaka baridi ikianza anakwenda Mombasa miezi mitano. Tumwache aichukue?

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo sifuri siyo sifuri, ada ya Part B (dola 185 kwa 2025) analipa vilevile, kampuni ndo haimwongezei yake. Advantage siyo uchawi, ina faida, hasa kwa mtu ambaye hela ya kila mwezi inambana, na kuna kikomo cha anachotoa mfukoni, kwa 2025 hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,350 kwa madaktari wa ndani ya mtandao wao. Ila ni madaktari wao, eneo lao, na mara nyingi kuomba ruhusa kwanza kabla ya kipimo kikubwa. Akikaa nje ya eneo zaidi ya miezi sita mfululizo wanaweza kumtoa, na miezi mitano ya mzee, akikutana na harusi mbili tatu, inafika sita hivihivi.

Medicare ya asili inakubalika karibu kila mahali Marekani lakini inamwachia asilimia 20 ya bili za Part B bila kikomo, ndo watu wakanunua Medigap, bima ya nyongeza ya kampuni binafsi, ya kuziba hilo pengo. Mombasa sasa, Medicare hailipi. Medigap aina ya G inalipa dharura nje ya nchi kwa siku 60 za mwanzo wa safari, asilimia 80 baada ya yeye kutoa dola 250, mwisho dola 50,000 kwa maisha yake yote. Miezi mitatu inayobaki mnunulieni bima ya safari, msitegemee dua peke yake.

Kinachonitia wasiwasi ni muda. Part B ikianza akiwa na 65 ana miezi sita ya kununua Medigap bila kuulizwa habari ya sukari wala presha, ikipita hiyo kampuni za huko kwenu zinaweza kumkatalia au kumpandishia bei. Akijaribu Advantage kwanza anayo nafasi ya kurudi ndani ya miezi 12 ya mwanzo, baada ya hapo mlango unakuwa mzito. Kutoka kwenye Medigap kwenda Advantage baadaye ni rahisi, kurudi ndo shida, kwa hiyo ningekuwa mimi na hela inaruhusu ningeanza na Medigap G. Herufi ni ileile kwa kila kampuni, G ya huyu na G ya yule zinalipa sawasawa, mnalinganisha bei tu. Hela isiporuhusu, kabla ya kusaini chochote pigeni simu OSHIIP, washauri wa jimbo lenu, hawauzi kitu na hawatozi senti, waulizeni pia kama mapato ya mzee yanamfaa kulipiwa ada ya Part B na jimbo, na kuhusu Extra Help, msaada wa serikali wa gharama za dawa. Wengi wanastahili hizo na hawajawahi kuomba.

Nina 65, bado nafanya kazi, kampuni yetu ni watu 12 tu na bosi ananiambia nibaki na bima yake, Medicare baadaye. Yuko sahihi?

Bosi wako anaweza kuwa mtu mzuri ila hapa anakuponza. Kampuni yenye wafanyakazi chini ya 20, Medicare ndo inayolipa kwanza na bima ya kazini inafuata nyuma. Usipojiandikisha bima ya kazini inaweza kukataa ile sehemu ambayo Medicare ingelipa na bili ikakurudia wewe. Faini ya Part B hutapata ukiwa bado kazini, ila kukwepa faini kutakusaidia nini na bili ya hospitali iko mezani. Jiandikishe Part A (ya kulazwa hospitali) na Part B sasa, A itakuwa bure kama umekatwa kodi za kazi miaka kumi. Kama una HSA, akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, acha kuweka hela humo kabla ya kuomba, manake Part A ukiiomba baada ya 65 inarudi nyuma mpaka miezi sita na kila ulichoweka kipindi hicho kinakuwa na kodi. Na siku ukiacha kazi wakikupa COBRA, yaani kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia mwenyewe, usidanganyike kwamba inahesabika kama bima ya kazini, haihesabiki, miezi minane ya kujiandikisha Part B bila faini inaanza kukimbia siku kazi au ile bima ya kazini inapoisha.