Mnaoanza saikolojia ya watoto, kabla hujaandika "hajiamini" angalia kwanza siku yake inaendaje

Nawaandikia nyie mnaoingia mwaka wa kwanza, iwe saikolojia, ustawi wa jamii au ualimu wa awali, na hasa mnaokaribia kupelekwa fildi kupima watoto kwa mara ya kwanza. Hii kazi nimeifanya kwa muda mrefu na kila kundi jipya likija huwa naanza nao hapa hapa. Ukiulizwa utamaduni unamjengaje mtu, usikimbilie ngoma, mavazi na vyakula vya asili. Angalia siku ya mtoto: nani anamwamsha, anatumwa wapi, anakula na nani sinia moja, nani anaongea naye na kwa sauti gani, mchana anambeba nani mgongoni, usiku analala na nani. Mambo madogo madogo hayo yanayojirudia kila siku ndo yanamfanya mtu awe alivyo.

Chuoni mtapewa nadharia za makuzi za akina Freud, Piaget na Erikson, na mtakariri kwa sababu mtihani upo na sapu haina raha. Karirini tu. Ila mjue hizo nadharia zimetoka wapi. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake waliandika kuhusu hili tatizo, wakaonyesha kwamba kwenye majarida makubwa ya saikolojia asilimia 96 ya watu waliofanyiwa utafiti walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kwa hiyo ukisoma "mtoto wa miaka mitano hufanya hivi" jiulize mtoto wa wapi huyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukanda wetu huu umefanyiwa tafiti kubwa tu na wanafunzi wetu wengi wanamaliza chuo hawazijui. Mary Ainsworth, yule mtakayemsoma kwenye mshikamano wa mama na mtoto, kabla hajaenda Baltimore, Marekani, alianzia Buganda, vijijini karibu na Kampala, 1954 na 1955, akafuatilia familia 26 majumbani kwao. Miaka ya 70 watafiti wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis kule Kenya. Wakaona watoto wa pale wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, na watu walikuwa wameshazoea kusema eti mtoto wa Kiafrika amezaliwa hivyo. Kumbe akina mama wa Kokwet wanafundisha kabisa, wanamchimbia mtoto kishimo akae mgongo ukiwa umeshikiliwa, wanamshika mikono na kumzoeza hatua. Ila kwenye kutambaa, ambako hakuna aliyekuwa anawafundisha, watoto wa Kokwet hawakuwazidi wa Marekani. Yani alichozoezwa ndo alichowahi.

Sasa huo ni mwili. Utafiti ninaoupenda zaidi mimi ni wa Carol Ember kule Oyugis, Kenya, kwa Wajaluo, uliotoka 1973, kwa sababu unagusa tabia yenyewe. Kazi za ndani kama kupika na kulea mdogo zilihesabika ni za wasichana, lakini kuna nyumba hazikuwa na binti mkubwa, kwa hiyo mvulana anapewa yeye, hakuna namna. Ember akalinganisha wavulana wa aina hiyo na wenzao wa kijiji kile kile wasiopewa hizo kazi, akakuta waliolea wadogo na kushinda jikoni hawana ubabe sana, na wana tabia ya kusaidia wenzao hata wakiwa nje hawafanyi kazi yoyote. Kabila moja, lugha moja, kijiji kimoja, ila ratiba ya siku tofauti na tabia ikaenda na ratiba. Mimi huu utafiti ndo ulionifanya niache kuandika "watoto wa kabila fulani wako hivi" kwenye ripoti, maana hata ndani ya kabila moja siku hazifanani. Mpaka leo mzazi akinilalamikia mtoto wake wa kiume ana hasira za karibu karibu, la kwanza namuuliza anafanya kazi gani pale nyumbani na kuna mdogo gani anayemtegemea.

Haya, tuje kwenye upimaji wenyewe. Kuna mwanafunzi wa fildi tulikuwa naye Mtwara vijijini, alijaza fomu ya mtoto wa kike wa kama miaka sita: hajiamini, haangalii machoni, anajibu kwa kunong'ona, kuhesabu hafifu. Fomu imejazwa vizuri na mtoto kweli alifanya hivyo mbele ya meza. Jioni ile ile tukamkuta huyo mtoto chini ya mkorosho anacheza mdako. Kama umecheza unajua, kishimo kimejaa kokoto, unarusha kete juu, kabla haijatua ushazoa kokoto nje, unarusha tena unazirudisha unabakiza moja, raundi inayofuata unabakiza mbili mbili, halafu tatu tatu, na ukikosea wenzako wanakudaka hapo hapo. Yeye ndo alikuwa anawasimamia wengine, mdogo wake yuko mgongoni kafungwa kanga, na kuna mmoja alibakiza tatu badala ya mbili akamtoa bila huruma, sauti juu. Huyo ndo asiyejiamini na asiyejua kuhesabu. Pale mezani alikuwa mbele ya mgeni mkubwa kuliko yeye mwenye kalamu, na kwao mtoto mwenye adabu akiamkia anainamisha macho, hasubiri kuulizwa mawazo yake. Alituonyesha heshima, fomu ikaiandika kama udhaifu. Na suala la macho si la Mtwara peke yake, Robert LeVine na mkewe Barbara miaka ya 50 kwa Wakisii waliona akina mama hata na kichanga hawatazamani sana wala hawaongei naye sana, lakini mtoto yuko mwilini kwa mtu muda wote na akilia anahudumiwa haraka.

Ndo maana nasisitiza pia angalieni kifaa mnachopimia. Mtafiti Robert Serpell alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza, akawapa kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi wa Uingereza wakashinda, kwa waya wakashinda wa Zambia, kwa udongo wa mfinyanzi wakalingana. Nyie mliotengeneza magari ya waya utotoni hamuhitaji kuelezwa kwa nini. Ukiwa na penseli tu kwenye begi lako, utarudi na jibu la penseli.

Ila kuna upande wa pili na huu nauona kwa wale waliochangamka sana na haya mambo, kila kitu wanakiita utamaduni. Hapana. Wawili wa tumbo moja wanalelewa sawa mmoja anatoka mkimya mwingine mcheshi, wengine ndo walivyozaliwa. Na ukikuta mtoto anapigwa mpaka anaumia usije ukaniandikia "ni malezi ya jamii husika", Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, toa taarifa. Kuelewa kwa nini jambo linafanyika ni kazi yako, na kumlinda mtoto ni kazi yako pia.

Kingine, mtoto akifanya vizuri msikimbilie kutafsiri kwa vitabu vya kwingine. Bettina Lamm na wenzake waliwapima watoto wa miaka minne wa Wanso, Cameroon, na wa Ujerumani, mtoto anaachwa na kitu kitamu, akingoja bila kukila anaongezewa cha pili. Wajerumani waliovumilia hawakufika asilimia 30, Wanso karibu asilimia 70, na andazi liko mbele yao, wengine mpaka wakasinzia. Ni uwezo wa kujizuia, au ni mtoto aliyezoea kwamba mkubwa akisema subiri unasubiri? Mimi naona vyote viwili vimo, na kwa mtoto wa aina hiyo huwezi kuvitenganisha kwa jaribio la dakika kumi.

Mkifika fildi wiki ya kwanza msifungue fomu kabisa. Chagua mtoto mmoja, omba ruhusa kwa wazazi, kaa nao toka asubuhi mpaka wanapolala, andika kila anachotumwa na kila anayeongea naye, na lugha anayoongeleshwa, maana wengi mtawapima kwa Kiswahili cha shuleni wakati nyumbani wanaishi kwa lugha nyingine. Halafu pale kwenye dodoso pameandikwa "mlezi mkuu" pana mstari mmoja tu, msikubali kuandika mama tu kwa sababu ndo kawaida. Muulize bibi, muulize mama mkubwa, muulize dada aliyembeba, andika wote, nafasi ikiisha geuza karatasi uendelee nyuma.