Chango la mtoto mchanga, matone ya bakteria rafiki na hofu ya upungufu wa madini ya chuma

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu lishe ya mama na mtoto. Safari hii nimechagua barua tatu zinazogusana. Kila moja imechanganya tumbo la mtoto na suala la madini ya chuma, na mchanganyiko huo unaweza kumfanya mzazi achukue hatua isiyofaa kwa nia njema kabisa.

Swali la kwanza

*Mtaalamu, pokea salamu zangu. Mwanangu ana wiki sita na ananyonya maziwa yangu pekee. Kila jioni hulia saa tatu hadi nne, amekunja ngumi na kuvuta magoti tumboni, na hakuna kinachomtuliza. Uzito wake unaongezeka vizuri, na kliniki wamempima wakasema hana ugonjwa. Dada yangu ameniletea chupa ya matone ya probiotiki ambayo kibandiko chake kinasema tu kwamba ni "bakteria rafiki kwa tumbo la mtoto". Mama mkwe naye anasema kilio hicho ni dalili ya upungufu wa damu, hivyo nimpe dawa ya madini ya chuma. Nimpe kipi, au nimpe vyote viwili?*

Mama mpendwa, pole sana kwa jioni hizo ndefu. Ulivyoeleza ndivyo madaktari wanavyolieleza chango: kilio kirefu, kinachojirudia, kisicho na sababu inayoonekana, kwa mtoto asiye na homa wala ugonjwa na anayekua vizuri. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, aliweka kipimo kinachokumbukwa hadi leo: kilio cha zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, yaani mwongozo wa kimataifa wa kutambua matatizo ya tumbo, vililegeza masharti hayo, na mimi naona vilifanya vyema, kwa maana mzazi anayehangaika hastahili kungojeshwa wiki tatu ndipo asikilizwe. Kilio hiki hufikia kilele karibu na wiki ya sita, yaani hapo hapo alipo mwanao, kisha hupungua, na watoto wengi huachana nacho wakifika miezi mitatu au minne.

Mwenendo huo wa kupungua wenyewe ndio unaofanya utafiti wa chango kuwa mgumu. Ukimpa mtoto kitu chochote katika wiki ya sita, kufikia wiki ya kumi atakuwa analia kidogo, na kitu hicho kitapewa sifa ambayo huenda si yake. Kwa hiyo ushahidi unaofaa kusikilizwa ni ule wa majaribio ambamo watoto hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa bakteria na wengine matone yanayofanana yasiyo na bakteria, huku wazazi na watafiti wote wakiwa hawajui nani amepewa nini.

Majaribio ya namna hiyo yapo, na mengi yametumia bakteria mmoja: *Lactobacillus reuteri* wa nasaba (yaani ukoo mahususi ndani ya aina moja ya bakteria) ya DSM 17938. Mwaka 2010 Francesco Savino na wenzake wa Turin, Italia, walichapisha jaribio la watoto wanaonyonya ambalo liliwapa matumaini wengi: siku ya 21, nusu ya watoto waliopewa bakteria walikuwa wakilia dakika 35 au chini ya hapo kwa siku, wakati kwa kundi la kulinganisha kiwango hicho cha katikati kilikuwa dakika 90. Miaka minne baadaye Valerie Sung na wenzake wa Melbourne, Australia, walijaribu bakteria yule yule kwa watoto 167, wanaonyonya na wanaotumia maziwa ya kopo, na matokeo yakaja kinyume. Hapakuwa na nafuu, na baada ya mwezi mmoja watoto waliopewa bakteria walikuwa wakisumbuka kwa dakika 49 zaidi kwa siku kuliko wenzao.

Wapo waliosoma jaribio moja tu kati ya haya mawili na kutoa hukumu. Ninachokiheshimu ni kwamba watafiti wenyewe hawakuishia kwenye mabishano. Mwaka 2018 waliunganisha takwimu za kila mtoto kutoka majaribio manne ya Italia, Poland, Kanada na Australia, jumla watoto 345, na picha ikaonekana vizuri zaidi. Kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama, bakteria huyu alisaidia. Ilikadiriwa kwamba kati ya watoto watatu hivi wanaopewa, mmoja hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata bila matone. Kwa watoto wa maziwa ya kopo, takwimu hazikutosha kuthibitisha faida yoyote.

Sasa turudi kwenye chupa yako. Neno "bakteria rafiki" halikuelezi lolote. Ushahidi niliokueleza ni wa nasaba moja, kwa kipimo cha bakteria hai milioni 100 kwa siku, na hauwezi kuhamishiwa kwa bakteria mwingine kwa sababu tu naye anaitwa rafiki, kama vile sifa ya dawa moja haihamii kwa nyingine kwa kuwa zote ni za maji. Kama kibandiko hakitaji nasaba, kiasi cha bakteria hai na namna ya kuhifadhi, usimpe. Kama utapata iliyotajwa vizuri, na daktari wa mtoto akakubali, mwanao anayenyonya na aliyezaliwa kwa wakati wake yumo katika kundi ambalo jaribio la wiki tatu lina mantiki. Zikipita bila mabadiliko, acha.

Kuhusu madini ya chuma, namheshimu mama mkwe kwa kumjali mjukuu, lakini katika umri huu mtazamo wake si sahihi. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na kwa uzito wa kutosha huja duniani na akiba ya madini hayo aliyoipata tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na akiba hiyo humtosha kwa miezi minne hadi sita hivi. Kuna jambo moja linalowatisha wengi: katika wiki za mwanzo hemoglobini ya kila mtoto, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hushuka, na hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Huo si ugonjwa. Mwili unapunguza chembe nyekundu ulizozihitaji tumboni, na chuma kinachotoka humo kinawekwa akiba. Kumwongezea dawa ya chuma mtoto mwenye akiba ya kutosha si jambo lisilo na madhara pia. Katika jaribio lililofanyika Sweden na Honduras, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, watoto wanaonyonya waliopewa chuma ilhali hawakuwa na upungufu hawakuneemeka. Wale wa Sweden walipungukiwa kidogo katika kurefuka.

Kwa hiyo usimpe chuma kwa ajili ya kilio. Lakini mrudishe hospitali bila kungoja ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi uliovimba, kukataa kunyonya au uzito kusimama, kwa sababu hapo haliitwi tena chango. Na jioni ukihisi uvumilivu unakuishia, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache upumue, au mwachie mtu mwingine ambebe. Kamwe asitikiswe. Kumtikisa mtoto kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo.

Swali la pili

*Binti yangu ana miezi minne na anatumia maziwa ya kopo yaliyoongezwa madini ya chuma. Ana gesi na choo chake ni cha kijani iliyokolea. Rafiki yangu anasema chuma ndicho kinachomsokota tumbo, na kwamba nihamie kwenye maziwa ya ng'ombe. Je, ni kweli?*

Hapana, na nakusihi usihame. Dhana hii ni ya zamani, na imepimwa. Mwaka 1980, na tena mwaka 1988, watafiti wa Marekani walilinganisha watoto waliopewa maziwa yenye chuma kingi na waliopewa yenye chuma kidogo. Hawakuona tofauti katika kilio, gesi, kutapika wala chango. Rangi ya choo hubadilika kwa kuwa sehemu ya chuma haifyonzwi, na haina madhara.

Maziwa ya ng'ombe yana takriban miligramu 0.5 tu za chuma kwa lita, wakati kamati ya lishe ya madaktari wa watoto wa Ulaya inapendekeza miligramu 4 hadi 8 kwa lita katika maziwa ya kopo ya mtoto mchanga. Isitoshe, kwa baadhi ya watoto wadogo maziwa ya ng'ombe husababisha utumbo kuvuja damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka. Gesi ya binti yako itapita. Upungufu wa chuma unaoanza kimya kimya katika umri huu ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu chuma kinahitajika ubongo unapojengwa. Uchunguzi wa muda mrefu wa Betsy Lozoff na wenzake nchini Costa Rica ulionyesha kwamba watoto waliopata upungufu mkubwa wa chuma wakiwa wachanga waliendelea kupata alama za chini katika vipimo vya akili miaka mingi baadaye, hata baada ya damu yao kutibiwa. Huo hauthibitishi kwamba chuma peke yake ndicho kilichosababisha, lakini unatosha kunifanya nisikubali kuchezea kiasi chake kwa sababu ya gesi.

Swali la tatu

*Mimi ni muuguzi. Wazazi huniuliza kama probiotiki na dawa ya chuma zinaweza kutumika pamoja, na kama moja huathiri nyingine. Nawajibuje?*

Ndugu muuguzi, swali lako ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ushahidi hauelekei upande mmoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa jamii ya Lactobacillus, akiwemo *reuteri*, hutoa kemikali zinazozuia utumbo wa panya kufyonza chuma. Kwa upande mwingine, utafiti mdogo wa Indonesia uliochapishwa mwaka 2019 uliona kwamba watoto wakubwa wenye upungufu wa damu waliopewa chuma pamoja na *reuteri* DSM 17938 walikuwa na hemoglobini nyingi zaidi katika chembe changa nyekundu kuliko waliopewa chuma peke yake. Panya si mtoto, na mtoto wa shule si mtoto wa wiki sita. Tusimtangazie mzazi faida wala hasara.

Athari ya chuma kwa bakteria wa utumbo inafahamika zaidi. Utafiti wa mwaka 2015 kwa watoto wa Kenya wa miezi sita ulionyesha kwamba virutubishi vya unga vyenye miligramu 12.5 za chuma viliongeza bakteria wasababishao magonjwa na dalili za uvimbe wa utumbo. Kundi hilo hilo la watafiti lilionyesha mwaka 2017 kwamba kipimo kidogo cha miligramu 5, kikiambatana na sukari maalumu zinazolisha bakteria wema, hupunguza madhara hayo. Funzo ninalolichukua ni kutoa chuma kwa anayekihitaji, kwa kipimo chake.

Wanaokihitaji mapema ni watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo, ambao akiba yao ni haba; wao huanza wakiwa na wiki chache, kwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kadiri daktari atakavyoona. Watoto hao hao ndio wasiopewa probiotiki kiholela: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa bidhaa ya namna hiyo hospitalini kufariki kwa maambukizi ya bakteria wa bidhaa hiyo kwenye damu. Kwa wengine wote, kitovu kikibanwa baada ya dakika moja hadi tatu tangu kuzaliwa akiba huongezeka, na kuanzia miezi sita nyama, maini, samaki na kunde huingia kwenye sahani.

Mzazi akikuambia anatoa vyote viwili, andika kwenye kadi jina la nasaba, kipimo cha chuma kwa kilo na tarehe ya kuanza, na utakapoomba kipimo cha feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, omba pia kipimo cha uvimbe mwilini, kwa kuwa maambukizi hupandisha feritini na kukuficha upungufu uliopo.