Lenzi Ikizibwa Nusu, Picha Hubaki Nzima

Maswali yenu kuhusu lenzi yamekuwa mengi, nami nimefurahi, maana vifaa vya somo hili mnavyo nyumbani. Leo najibu manne.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Tumefundishwa kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka. Mbona kwenye lenzi unapinda?

Marahaba mwanangu. Mwanga hunyooka ukiwa ndani ya kitu kimoja. Hewani hukimbia karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo cha kawaida hushuka hadi kama 200,000. Ukikiingia kioo kwa mshazari, upande mmoja wa wimbi hutangulia na kupungua kasi huku upande wa pili ungali hewani, basi wimbi zima hugeuka. Hayo hutokea mpakani tu, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Lenzi mbinuko, iliyo nene katikati, imechongwa ili miale ya pembeni ipinde zaidi kuliko ya katikati, yote ikutane mahali pamoja.

Kanuni ya kupinda huko imepewa jina la Snell, Mholanzi wa karne ya 17. Lakini mwanahisabati Ibn Sahl aliitumia huko Baghdad karibu mwaka 984 kubuni lenzi. Anastahili kutajwa darasani.

Nikiziba nusu ya lenzi kwa kadi, nusu ya picha itapotea?

Haipotei. Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Mchana, zima taa, chukua miwani ya kusomea ya +2.00, simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha. Ishike kama nusu mita kutoka ukutani, uisogeze taratibu mbele na nyuma. (Jua lenyewe lisionekane dirishani, lenzi hii huunguza.) Ghafla mwembe ulio nje utatokea ukutani, mdogo, kichwa chini, majani yakicheza. Mpita njia anayekwenda mashariki, ukutani ataelekea magharibi. Mwembe ukiwa safi, nondo za dirisha zitakuwa zimefifia. Iondoe lenzi ukutani sentimita chache zaidi, nondo zitakaa sawa na mwembe utafifia. Kamera ya simu hufanya hivyohivyo inapojirekebisha, ila yenyewe husogeza lenzi kidogo mno.

Sasa ziba nusu ya lenzi. Mwembe utabaki mzima, ila mwanga wake utapungua. Sababu ni kwamba kila nukta ya mwembe hutuma mwanga kwenye uso wote wa lenzi, si kwenye sehemu moja tu. Nusu ya juu peke yake inatosha kuujenga mwembe mzima, na nusu ya chini vilevile. Vitabu huchora miale miwili au mitatu ili mchoro usomeke, na wengi wetu tukadhani hakuna mingine.

Daktari wa macho ameniandikia −2.00, mke wangu +2.00. Namba zinafanana, tunaweza kuazimana miwani?

Hapana ndugu yangu, msiazimane. Gawa 1 kwa namba hiyo, utapata umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi pale miale inapokutana, au inapoonekana kutokea) kwa mita: nusu mita, kwa miwani zote mbili. Lakini ya mkeo hukusanya mwanga na yako huutawanya. Wewe jicho lako linakusanya picha kabla ya kufika kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, ndiyo maana mbali huoni vizuri. Ijaribu miwani yako pale ukutani: hutapata mwembe wowote.

Mimi huzamia pweza huku Pemba. Bila miwani ya kuzamia naona ukungu mtupu. Kioo chake kina nguvu gani?

Hakina nguvu yoyote, ni bapa. Kinachokusaidia ni hewa iliyo nyuma yake. Karibu theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga jichoni hufanywa na konea, ile ngozi angavu ya mbele, kwa kuwa mwanga huifikia ukitoka hewani. Majini kasi ya mwanga, kama kilometa 225,000 kwa sekunde, inakaribiana sana na ile ya ndani ya konea, hivyo mpakani haupindi vya kutosha. Miwani inairudishia konea hewa yake. Angalia tu umbali: mwanga hupinda pia ukitoka majini kupitia kile kioo bapa, kwa hiyo pweza aliye mita 2 mbele yako utamwona kama yuko mita 1 na nusu.